Kivuli cha Milimita 18

Aliyenipiga picha alitoka nyuma ya kioo, akanigusa bega, akasema, "Pole sana, mwalimu." Basi, hakuongeza kitu. Nilivaa shati langu nikiwa nimeshajizika.

Eksirei yenyewe nilipigwa kwa sababu ya kikohozi kilichobaki baada ya mafua, kikagoma kuondoka hata wiki ya sita. Nilikuwa na miaka 51. Sigara nilikuwa nimeivuta karibu miaka 20 na kuiacha miaka 12 nyuma, jambo nililojisifia sana mpaka siku ile. Nilijiambia ni vumbi la chaki tu. Ila "pole sana" ile ilinifuata nyumbani, ikakaa nasi mezani, ikalala katikati yetu kitandani. "Kwani alisema pole ya nini, baba?" mke wangu aliniuliza usiku. Sikuwa na jibu. Kiswahili kina neno hilo moja kwa aliyejikwaa na kwa aliyefiwa, na mimi mwenyewe ndiye niliyejichagulia maana ya pili.

Wiki kadhaa baadaye, nimekaa kwenye benchi lilelile, nilimsikia yuleyule akimwambia kijana aliyeteguka kifundo cha mguu: "Pole sana." Sauti ileile, mkono begani vilevile. Nusura niangue kicheko.

Majibu ya eksirei yalikuwa aya moja. Kuna kivuli cha mviringo sehemu ya juu ya pafu la kulia, kingo zake si laini, uwezekano wa saratani hauwezi kuondolewa. Sentensi nzima niliisoma mara moja, kisha nikabaki na neno moja tu kichwani. Siku mbili zilizofuata nilifanya mambo ya aibu. Nilipanga karatasi za madeni. Nilimpigia simu mdogo wangu ambaye tulikuwa hatuongei, nikamwomba msamaha kwa kosa ambalo, nikilifikiria sasa, lilikuwa lake.

Nimeshaeleweshwa tangu hapo kwamba "hauwezi kuondolewa" maana yake ni hiyohiyo, wala haizidi: picha hii peke yake haitoshi kufuta wazo hilo. Daktari wa mionzi huandika kile picha inachomruhusu kusema na kile inachomkatalia. Na eksirei hukataa mengi. Tangu Röntgen aigundue mwaka 1895, jambo ni lilelile: mionzi inapita mwilini, kinachoizuia kinaacha weupe kwenye picha, na vyote, vya mbele na vya nyuma, vya ndani na vya nje, vinalazwa kwenye bapa moja. Chuchu ikikaa vibaya huonekana kama kidonge kilicho ndani ya pafu. Ndiyo maana wakati mwingine hubandikwa kialama cha chuma juu yake na picha kurudiwa. Ubavu uliovunjika zamani ukaunga huacha nundu ya mfupa inayofanana na uvimbe. Chunjua la mgongoni nalo ni hivyohivyo. Hata nywele zilizosukwa zikaangukia begani zimewahi kumtia mtu hofu bure. Mimi nilitamani sana kiwe chuchu. Hakikuwa.

Daktari wa kifua niliyepelekwa kwake alikuwa mama wa makamo, msemaji wa taratibu. Nilidhani ataanza na sigara. Akaanza na hili: "Mzee wangu, una picha yoyote ya kifua ya zamani?"

Nilikuwa nayo. Miaka 9 kabla ya hapo nilipimwa afya kazini, enzi za kuondoka na filamu kubwa ndani ya bahasha ya kaki. Filamu ilikaa juu ya kabati mpaka siku jua lilipopatwa. Watoto walitaka kutazama, na mimi, mwalimu mzima wa hisabati, nikachukua mkasi nikaikata katikati, juu hadi chini, kufuata uti wa mgongo, nusu kwa huyu na nusu kwa yule. (Madaktari wa macho hawaruhusu hata kidogo kutazama jua kupitia filamu ya eksirei. Hilo nalo nililijua baadaye. Namshukuru Mungu wanangu wanaona.) Nusu moja ilipotea. Nilipanda kiti, nikapapasa, nikaipata nyingine imejikunja, ina vumbi, ina alama za vidole vya mtoto. Nikaikimbiza kwa daktari. Akaichomeka kwenye kisanduku cha taa, akaitazama, kisha akanitazama mimi.

"Moyo huu hapa," akasema. "Hili ni pafu la kushoto."

Kivuli changu kilikuwa kulia.

Sijawahi kuona mtu mzima akijizuia kucheka kwa heshima kubwa kama ile. Halafu akanieleza kwa nini aliuliza, na maelezo yale ndiyo nimeyashika kuliko yote niliyoyasikia katika safari hii. Picha moja huonyesha umbo. Picha mbili huonyesha mwendo, na saratani hujulikana zaidi kwa mwendo wake. Kinundu kigumu ambacho kimekaa miaka 2 bila kubadilika kwa kawaida huhesabiwa kuwa si saratani. Saratani nyingi za mapafu huongezeka ujazo mara mbili ndani ya siku zisizozidi 400 hivi. Kinachokua haraka mno, kwa siku chache, mara nyingi ni maambukizi. Hapo nikaingiza hisabati yangu, maana ilinipa kitu cha kushika: kinundu cha milimita 10 kikifika milimita 12.6 tu, ujazo wake umeshakuwa mara mbili. Milimita mbili na nusu! Kwa macho ya mtu ni kama hakuna kilichotokea. Ndiyo maana hupimwa kwa kompyuta, na ndiyo maana picha ya zamani ni mali.

Kwenye benchi alikuwepo kaka mmoja aliyekuja na kivuli kikubwa kuliko changu. Yeye alikuwa na filamu ya miaka 11 nyuma, nzima, kwenye bahasha yake. Aliingia baada yangu akatoka kabla yangu. Kilikuwa hamatoma, uvimbe usio saratani unaopatikana kwa wingi kuliko mwingine wa aina hiyo mapafuni: mchanganyiko wa gegedu na mafuta, na ndani yake chokaa iliyopasuka mithili ya bisi. Alikuwa nacho tangu filamu ile ya kwanza, bila kujua. Nilimwonea wivu ambao sikuwa nimemwonea mtu tangu ujana.

Mimi nikapelekwa CT scan. Hounsfield na wenzake walimpiga mgonjwa wa kwanza kwa mashine hiyo mwaka 1971, na tofauti yake na eksirei ni kwamba inakukata vipande vyembamba kama mkate, hivyo kila kitu hukaa mahali pake. Daktari aligeuza kioo cha kompyuta nione. Kilikuwa kinundu cha milimita 18. Kikizidi sentimita 3 hakiitwi tena kinundu, huitwa uvimbe mkubwa, na wasiwasi hupanda. Kikiwa chini ya milimita 6 kwa mtu asiye na hatari kubwa, miongozo inayotumika tangu 2017 haidai hata picha ya marudio. Changu kilikuwa katikati, na kilikuwa na miiba. Nyuzi nyembamba zilitoka pembeni kama miguu ya buibui. Sikuhitaji kuelezwa kwamba miiba si dalili nzuri. Uso wa daktari ulitosha.

"Ungekuwa na chokaa katikati, au chokaa ya kujaa kote, ningekuambia nenda nyumbani," akasema. "Chokaa ya namna hiyo ni kovu la ugonjwa wa zamani. Hiki hakina."

Usiku ule nilitafuta namba, kama mwalimu wa hisabati anavyotafuta faraja. Nikakutana na utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa 2011, wa watu 53,454 waliokuwa wavutaji wakubwa wa sigara. Kwa waliopigwa CT, asilimia 24.2 ya vipimo vilionyesha kitu cha kutiliwa shaka, na katika hivyo asilimia 96.4 haikuwa saratani. Nilimwamsha mke wangu kumwambia. Asubuhi nikampelekea daktari namba zangu kama mtoto anayepeleka daftari lisahihishwe. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema namba ni sahihi ila nimezikopa. Vingi kati ya vinundu vile vilikuwa vidogo sana. Changu cha milimita 18, chenye miiba, juu ya pafu, kwa mtu aliyevuta sigara, hakiingii kwenye kapu hilo moja kwa moja. Akanikumbusha pia kwamba utafiti huohuo ulionyesha CT ilipunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20 ikilinganishwa na eksirei. Yaani mashine ileile inayotia watu hofu ya bure huwaokoa wengine. Nikarudisha daftari langu mkobani.

Ikafuata skani ya PET. Unafunga kula kwa saa kadhaa, unachomwa sukari iliyotiwa mnunurisho hafifu, halafu unalazwa kwenye chumba chenye mwanga mdogo kama saa moja bila kusoma, bila kutafuna, bila kuongea sana, maana msuli unaofanya kazi nao hula sukari hiyo na kuchafua picha. Wazo lake ni la zamani: Otto Warburg alionyesha katika miaka ya 1920 kwamba seli za saratani hula sukari kwa pupa. Panapokula sana ndipo panapowaka. Changu kiliwaka. Kwenye kipimo cha ulaji wa sukari kilipewa 4.6, na wengi huanza kuingiwa na wasiwasi ikivuka 2.5.

Nilikuwa nimeonywa, lakini onyo haliingii masikioni mwa mtu aliyeona sehemu ya mwili wake ikiwaka kama taa. Sukari hailiwi na saratani peke yake. Askari wa mwili wanaopambana na kifua kikuu hula, wanaopambana na kuvu hula, na kwenye sakoidosisi, ule ugonjwa wa kinga unaojaza mitoki ya kifuani pande zote mbili, picha inaweza kuwaka kama saratani iliyosambaa. Na kinyume chake kipo: saratani nyingine zinazokua polepole haziwaki kabisa.

"Kwa nini msikitoe tu?" nikauliza. Nilikuwa nimechoka.

"Nikupasue kifua nitoe kovu?" akajibu. "Tutaanza na sindano." Kisha akarudi tena kwenye picha zenye dawa ya kung'arisha mishipa, akakifuatilia kinundu kipande kwa kipande. Kumbe kuna vivuli vya mviringo ambavyo ni mshipa wa damu uliojiviringisha, ateri imeungana na vena bila kupitia vile vimishipa vyembamba vya katikati. Ukichoma sindano pale mgonjwa anavuja damu vibaya. Changu hakikuwa na mshipa unaokilisha. Nilipenda sana kwamba aliangalia.

Kukatwa kipande cha kinundu kwa sindano ndiko ninakokumbuka kwa ngozi. Unalala kifudifudi kwenye meza ya CT, shavu moja limebandikwa kwenye mto wa plastiki, huoni mtu, unaona viatu tu. Meza inaingia, inatoka. "Vuta pumzi kidogo. Shikilia." Ganzi, kisha msukumo usio maumivu ila ni mzito, kama mtu anakuegemea kwa kidole kimoja. Meza inaingia, inatoka. Halafu mlio: ta! Kama stepla. Mara nne. Viatu vya kijani vikasogea, mtu akasema, "Tumepata." Baadaye eksirei ilionyesha hewa imevuja kidogo kati ya pafu na ukuta wa kifua, jambo linalotokea mara nyingi tu baada ya sindano hiyo. Wakanilaza chini ya uangalizi, wakarudia picha, hewa haikuongezeka, ikanywewa na mwili yenyewe.

Siku 8 za kusubiri nizipite. Aliyezipitia anazijua.

Benchi lile, hata hivyo, sitalipita. Alikuwepo mzee mmoja mwenye moyo uliochoka, ambaye eksirei yake ilionyesha uvimbe mkubwa laini katikati ya pafu la kulia; walimpa dawa za kukojoza, na picha iliyofuata ilikuwa safi. Yalikuwa maji yaliyonasa kwenye mwanya kati ya sehemu mbili za pafu. Alipenda kusema kwamba uvimbe wake aliukojoa. Alikuwepo mama aliyewahi kuugua kifua kikuu kikamwachia shimo pafuni, na ndani ya shimo ukaota mpira wa kuvu. Picha ikipigwa amelala chali mpira huwa upande mmoja, akigeuzwa kifudifudi mpira unabingirika. Alikuwepo mwingine mwenye baridi yabisi, vinundu vyake vya mapafu ni ndugu wa vile vya kwenye viwiko.

Na alikuwepo baba mmoja ambaye hadithi yake ilikwenda upande mwingine. Yeye alikuwa na kivuli na kikohozi, akaambiwa ni TB, akaanzishiwa vidonge bila kipimo chochote cha makohozi kuonyesha kidudu. Akameza miezi 5, huku akikonda. Ilikuwa saratani. Namtaja kwa sababu nawajua wasomaji wa habari kama hii yangu, nami nilikuwa mmoja wao: tunasoma tukitafuta yule aliyepona, tunajipima kwake, halafu tunaahirisha kwenda hospitali. Kivuli kinadanganya pande zote mbili, na aliyemdanganya yule baba hakuwa mwongo, alikuwa mtu aliyezoea kuona TB.

Majibu yangu: granuloma, yaani kifundo cha seli za kinga, yenye nyama iliyokufa katikati, seli za saratani hazikuonekana. Kipimo cha GeneXpert kilichofanywa kwenye kile kipande kikaona vinasaba vya kidudu cha kifua kikuu, kilekile Robert Koch alichokitangaza Machi 1882. Makohozi yangu yalikuwa yamepimwa mara mbili na kutoka safi, kwa kuwa kinundu kilikuwa kimejifungia pembeni, hakijatoboa njia ya hewa, hivyo hakikuwa na cha kutoa nje.

Huenda mimi ndiye mtu pekee aliyewahi kumkumbatia muuguzi kwa kuambiwa ana kifua kikuu. Alishtuka, akasema kwa upole, "Lakini mzee, ni TB." Nikamwambia ndiyo, nimesikia, asante, rudia tena.

Daktari hakusherehekea nami sana. Sindano inaweza kupita kando ya saratani ikaleta kipande cha uvimbe wa kawaida. Karatasi inayosema tu "hakuna seli za saratani" isingemridhisha, angenichoma tena. Yangu ilimridhisha zaidi kwa kuwa ilileta jina la kitu kilichopo. Hata hivyo TB na saratani zinaweza kukaa kwenye pafu moja, akasema, kwa hiyo atataka kukiona kinundu kikinywea kwa macho yake.

Dawa zilikuwa miezi 6: miwili ya kwanza aina nne kwa pamoja, minne iliyofuata aina mbili, rifampisini na isoniazidi. Rifampisini ilinigeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa, na siku moja niliona hata machozi yameacha doa kwenye mto. Mke wangu na watoto walipimwa, wakawa salama. Kikohozi kilikwisha mwezi wa pili, ingawa daktari anashuku kikohozi kile kilikuwa cha mafua kweli, na kwamba kinundu kilikuwa kimekaa kimya tu kikaonekana kwa bahati.

Mwisho wa dawa nilipigwa CT nyingine. Aliziweka mbili kwenye kioo, ya kwanza kushoto, mpya kulia, akazisogeza pamoja, kipande kwa kipande, mpaka zote zikafika pale juu ya pafu. Upande mmoja buibui wa milimita 18. Upande wa pili kijikovu cha milimita 7, kimebanwa, kingo zimetulia. Mwaka mmoja baadaye kilikuwa milimita 7 vilevile.

Nikaomba nakala. Walinipa diski, na kwa hisani ya yule kijana wa "pole sana" nikachapiwa na filamu moja kubwa, ya kushika mkononi. Nimeviweka juu ya kabati ndani ya bahasha ya kaki, nimeandika tarehe, nimeandika upande upi ni kulia. Na chini yake, kwa kalamu nene nyekundu, kwa ajili ya wajukuu: USIKATE.